Taa ya Njano Isiwagombanishe

Kuna abiria mmoja ambaye wapenzi wengi husafiri naye bila kumwalika: ile taa ya njano yenye mchoro wa injini. Ikiwaka tu, mmoja anasema, "Achana nayo, gari si linatembea?" Mwingine anasema, "Simamisha sasa hivi!" Hapo safari inageuka kesi.

Sisi ilituwakia tukitoka Katesh kwenda Haydom. Kwa wasioijua Manyara, Katesh ni makao makuu ya Wilaya ya Hanang, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Haydom iko Mbulu, na ina hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, ambayo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Tulipita njia ya Basotu, kwenye mashamba ya ngano, mawe na vumbi la kutosha. Siti ya nyuma alikaa mama mkwe, na kesho yake asubuhi alitakiwa kumwona daktari. Kulala porini haikuwa kwenye ratiba.

Mume wangu alikuwa na lake moyoni. Wiki moja kabla, taa hiyo hiyo ilipowaka, gereji moja ilimwambia bila hata kufungua boneti kwamba sensa imekufa, anunue mpya. Akaona anaibiwa. Sasa dawa yake ikawa moja: "Tukifika naibandika solotepu nyeusi."

"Na mama akizidiwa njiani, utambandika solotepu pia?" nikamuuliza.

Kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Wanangu, mnagombana na taa, au mmeiuliza inataka nini?"

Tukasimama, tukatazama mambo mawili. Mshale wa joto ulikuwa mahali pake, na taa nyekundu ya oili haikuwaka. Moja ya hizo ikionyesha hatari, unazima injini papo hapo, hakuna mjadala. Njano iliyotulia, na injini haikosi, inakuruhusu kwenda taratibu mpaka kwa fundi. Ila ikiwa inawaka na kuzima huku gari likitetemeka, usiendelee. Huenda petroli haiungui vizuri, na uchafu wake unaweza kuharibu mfumo wa ekzosti.

Haydom tulimpata fundi kijana, mpole. Gari letu ni Corolla ya mwaka 1998, na Toyota nyingi za Kijapani za enzi hizo huweza kusomwa bila kompyuta. Alifungua kile kiboksi cha plastiki kwenye boneti, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikapumzika, mara moja. "Ishirini na moja," akasema. "Sensa ya oksijeni."

Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi. Inapima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua, kisha inaiambia kompyuta ya gari iongeze petroli au ipunguze. Taarifa zake zikikosekana, kompyuta inakisia, na unaweza kushangaa mafuta yanakwisha haraka.

Mume wangu akanitazama kama mtu aliyeshindwa kesi. Kumbe gereji ilisema kweli? Fundi hakuharakisha. "Namba inatuambia nani analalamika," akasema. "Haituambii kwa nini." Akaingia chini ya gari, akatoka anacheka: sensa ilikuwa nzima, waya wake ndio ulikatika. Akaunga, akaufunga mbali na joto la ekzosti, akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kumbukumbu ifutike. Tukazunguka na gari mjini, taa haikurudi. Alitoza shilingi 15,000, na asubuhi mama alikuwa kwa daktari kwa wakati.

Kama gari lako ni la karibuni, tundu la kupimia liko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Marekani iliyalazimisha magari madogo kuwa na mfumo huo, OBD2, tangu mwaka 1996. Kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kitakusomea namba kama P0135, ambayo inahusu kipasha joto cha sensa ya oksijeni. Ukishaipata, usikimbilie dukani. Mwambie fundi akague waya, fyuzi na plagi ya sensa kwanza.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mwenzako akinuna, hiyo ni taa tu. Wapo wanaoizima kwa zawadi, wapo wanaotaka kubadilisha mtu mzima, kumbe kilichokatika ni waya mmoja: simu isiyopokelewa, ahadi ya Jumamosi iliyosahaulika. Uliza, kagua, ndipo utengeneze.

Na wewe mwenye solotepu kwenye dashibodi, ibandue leo, kabla hamjaanza safari ya ukweni.