Mtu Asiyetazama Mpira

Watu wengi hudhani kazi ya refa wa mpira wa wavu ni kutazama mpira. Yule wa kwanza, anayekaa juu ya kiti kirefu kwenye nguzo moja, kweli anautazama kwa sehemu kubwa. Lakini refa wa pili, anayesimama chini kwenye nguzo ya upande wa pili, amepewa kazi ya ajabu kidogo. Mshambuliaji akishapiga, yeye anatakiwa auache mpira uende zake. Macho yake yabaki kwenye wavu na kwa wale walioruka kuzuia. Aangalie mikono, viwiko, magoti, halafu nyayo zikitua karibu na mstari wa kati. Uwanja mzima unageuza shingo kufuata mpira, yeye anakodolea macho kitu ambacho mara tisa kati ya kumi hakina habari yoyote.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi ya kwanza tuliyofundishwa chuoni ni kukimbilia panapotokea jambo. Kwa hiyo nilipochukua kozi ya urefa, miaka sita iliyopita, jambo lililonisumbua kuliko yote ni hilo la kuacha kutazama tukio. Mwalimu wetu alikuwa akisimama nyuma yangu na kunigonga begani kila nilipogeuza kichwa. "Mpira una watu wa kuutazama, dada. Wavu una wewe tu."

Wachezaji wa mitaani wana neno moja kwa makosa yote ya pale katikati: "Neti!" Ukigusa, neti. Ukivuka mstari, neti. Ukipitisha mkono juu ukaugusa mpira ambao wenzako hawajamaliza kuucheza, neti pia. Sheria inayatenganisha, na ishara zake ni tofauti. Kwa kugusa wavu, refa anaonyesha wavu kwa mkono wa upande uliokosea. Kwa kupitisha mkono juu, anauweka mkono wake juu ya wavu, kiganja kikitazama chini. Kwa kuvuka, anaelekeza kidole kwenye mstari wa kati. Na hapo kwenye mstari sheria ina huruma kuliko watu wanavyofikiri: unyayo unaweza kuingia kwa wenzako, alimradi sehemu yake bado inagusa mstari au iko juu yake. Nimewahi kutukanwa kwa saa nzima kwa kutopuliza filimbi juu ya kidole gumba.

Ila la wavu lenyewe ndilo gumu, na sheria yake imebadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2009 shirikisho la dunia, FIVB, lililegeza kamba: kugusa wavu halikuwa tena kosa, isipokuwa kama umeingilia mchezo, kwa mfano umegusa ule utepe wa juu wakati unacheza mpira, au umejishikilia. Ukiukwaruza katikati, mchezo unaendelea. Kuanzia sheria za 2015 mambo yakarudi nyuma: ukigusa wavu popote kati ya antena mbili wakati wa tendo la kucheza mpira, ni kosa. Na tendo hilo halianzi na kuisha kwenye kupiga. Linaanza unaporuka, linaisha umetua salama na uko tayari kwa jambo jingine. Kwa maneno mengine, mkono uleule, kwenye uzi uleule, mwaka 2012 ulikuwa hauna hatia na mwaka 2016 una hatia.

Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Naona ya 2015 ni bora, maana yanamwondolea refa kazi ya kupima nia na madhara. Umegusa au hukugusa, basi. Lakini jaribu kuyaeleza hayo Kimamba, Jumapili saa kumi na moja jioni, mbele ya watu waliojifunza mchezo wakati wa sheria ya zamani na hawajaletewa taarifa.

Kimamba ni mji mdogo wa reli na mkonge, wilaya ya Kilosa. Usiyeijua, fikiria tambarare, reli ya kati ikipita, mashamba ya mkonge pembeni, na watu ambao babu zao walitoka kila kona ya nchi, na nje ya nchi, kuja kukata majani. Manamba, waliitwa. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Halafu nailoni ikashika soko la kamba, bei ikaanguka, na miji kama Kimamba ikabaki na majengo makubwa kuliko shughuli zake. Baba yangu alizaliwa hapo. Shangazi, dada yake mkubwa, bado yupo, na mimi natoka Morogoro mjini kwenda kumwona kila ninapopata nafasi.

Uwanja wa pale ni wa udongo. Mistari ni kamba za katani zilizopigiliwa chini kwa vipande vya waya, na wavu wenyewe ni wa nailoni uliochoka, ila kamba ya juu inayoushikilia ni ya katani. Hilo linanichekesha kila mara: nailoni iliyoua mji inaning'inia kwenye kamba ya mji. Tatizo la kamba hiyo ni kwamba ikilowa umande hujikaza, ikipigwa jua na mipira mchana kutwa hulegea. Sheria inataka wanawake wacheze kwa mita 2.24 na wanaume kwa mita 2.43, urefu upimwe katikati ya uwanja, na pembeni pasizidi kipimo hicho kwa zaidi ya sentimita 2. Pale kwetu refa mwenye akili anapima kabla ya kila seti. Nina ufito wangu wenye alama mbili za rangi ya kucha. Antena ni mianzi iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe na kijana mmoja fundi baiskeli, na amezipaka vizuri kweli.

Mwaka juzi paliandaliwa bonanza la wasichana. Zawadi mbuzi na mpira mpya. Lakini mbuzi hakuwa habari. Habari ilikuwa kwamba kocha wa shule moja ya binafsi, ya mbali, alikuwa anakuja kutazama. Wale mnaofuatilia michezo ya shule mnajua mambo yanavyokwenda: shule inataka kombe, inatafuta wachezaji vijijini, inawasamehe ada, chakula na bweni. Kwa msichana wa kidato cha pili ambaye mama yake anauza maandazi stesheni, hiyo si michezo tena. Na msichana mrefu kuliko wote pale Kimamba, anayeruka kama vile ardhi inamchoma, alikuwa mjukuu wa shangazi yangu. Mama yake ni binti wa shangazi. Mimi ananiita mamdogo.

Niliwaambia waandaaji mapema. Huyu ni mtoto wangu, nitafutieni mbadala. Walicheka. "Kimamba hii nani si ndugu ya nani? Refa wa kwanza mwenyewe amemfundisha darasa la tatu." Marefa wenye kozi tulikuwa wawili tu: mimi, na huyo mwalimu mstaafu aliyekuwa amekaa juu ya meza iliyopandishwa kwenye madawati mawili, macho yake nusu mita juu ya wavu kama kitabu kinavyosema. Basi nikasimama kwenye nguzo yangu.

Seti ya tatu, ya pointi 15. Wapinzani, timu ya sekondari ya jirani, wanaongoza 14 kwa 13. Mpira unainuliwa upande wao, mshambuliaji wao anapanda, na huku kwetu — nasema kwetu, ingawa pale sikuwa na kwetu — mtoto anapanda naye. Mimi tayari nimeshahamia upande wa wanaozuia, hatua moja, kama inavyotakiwa. Nilisikia mlio wa mpira kwenye viganja. Nilisikia watu wakilipuka. Baadaye niliambiwa lilikuwa zuio zuri kuliko yote yaliyowahi kuonekana uwanja ule, kwamba mpira ulishuka wima kama jiwe. Siwezi kuthibitisha. Nilichokiona mimi ni mkono wa kushoto, wakati anashuka, chini ya kiwiko, ukiingia kwenye wavu kiasi cha shibiri moja chini ya utepe, na macho ya wavu yakivutika kuelekea chini kabla ya kurudi.

Filimbi ilikuwa mdomoni. Nikapuliza.

Watu walikuwa wameshaingia uwanjani wanashangilia 14 kwa 14. Iliwachukua muda kuelewa. Mimi nilishaonyesha wavu, nikaonyesha namba yake, nikamtazama mwalimu pale juu ya meza. Naye alinitazama, si kwa muda mrefu, akanyoosha mkono upande wa wapinzani. 15 kwa 13. Mechi imekwisha.

Niliyoambiwa pale siyaandiki. Nitaandika hoja, kwa sababu zilikuwa hoja za watu wenye akili. Ya kwanza: upepo. Ni kweli, tambarare ile ina upepo wa jioni, na wavu uliolegea hucheza wenyewe. Ya pili ilitoka kwa mzee mmoja wa reli, na ilikuwa nzuri zaidi: mpira ndio ulioupiga wavu, wavu ndio ukamfuata mtoto, na hilo si kosa. Yuko sahihi kabisa kisheria. Mpira ukiusukuma wavu ukamgusa mpinzani, hakuna kosa. Ndiyo maana refa hajifunzi kuona kwamba wavu umetikisika. Anajifunza namna unavyotikisika. Upepo huubeba wote pamoja, taratibu. Mpira huufanya utoe tumbo. Mkono unaoshuka huuvuta chini, na huacha mkunjo kama wa shuka lililokanyagwa. Nilimweleza mzee hivyo. Akasema, "Sawa, binti, lakini wewe ndiye peke yako uliyeona."

Hapo ndipo nilipofikiri juu ya kazi yangu nyingine. Gazetini habari yenye chanzo kimoja haiendi. Mhariri atakuuliza nani mwingine amesema, na asipokuwepo mwingine, habari inalala. Uwanjani mimi ndiye chanzo, mhariri na mtambo wa kuchapa, na nina nusu sekunde. Kuna watu huona hilo kuwa ni udikteta. Mimi naona ni upweke tu.

Kijana mmoja alikuja na simu. Amerekodi! Tukazungukwa. Watu wameona mashindano makubwa, wamewaona Malkia Strikers wa Kenya kwenye Olimpiki ya Paris 2024, wanajua kuwa kule kocha akipinga, kamera hurudisha picha na wavu ukaonekana waziwazi. Sheria za bonanza letu hazina kitu hicho, lakini nilitazama, kwa heshima ya yule kijana. Picha ilianza vizuri: mshambuliaji, mtoto, viganja. Kisha simu ikaufuata mpira mpaka chini, ikabaki hapo inatetemeka kwa furaha. Simu nyingine mbili zilikuwa hivyohivyo.

Kocha mgeni hakuwa na la kusema kwangu. Aliongea na waandaaji, akaandika majina mawili kwenye daftari, yote ya timu iliyoshinda. Kama angeandika la tatu endapo filimbi ingekaa kimya, hilo nimeulizwa na ndugu zangu wote, kwa zamu. Kocha anayeacha msichana wa aina ile kwa sababu ya pointi moja, mimi simwelewi. Lakini pia najua watu huondoka uwanjani na picha ya mwisho kichwani.

Nyumbani kwa shangazi tulikula ugali na mlenda bila maneno mengi. Nilinawishwa, nikakaribishwa, nikapewa kipande kikubwa cha samaki. Kwa wanaomjua shangazi, ukarimu wa kimyakimya namna ile ni adhabu. Mwishowe akasema, akitazama sahani: "Kwani ungekaa na filimbi yako mdomoni, ungepungukiwa nini?" Mama wa mtoto akamwambia, "Mama, acha." Nikasema, "Shangazi, nimeona." Akaitikia, "Ndiyo. Umeona."

Baadaye nikiwa nje nasuuza vyombo, mtoto akaja kukaa kwenye kinu. Alikuwa bado na vumbi la uwanjani miguuni.

"Mamdogo, ulionyesha mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akakunja uso, akageuza mikono yake miwili kwenye mwanga wa taa kama mtu anayekagua mahindi.

"Mimi nilidhani wa kulia."

Tulicheka mpaka shangazi akauliza ndani kuna nini. Kisha akanieleza anavyoruka: anakimbia hatua mbili pembeni, mwili bado unakwenda anapopanda, kwa hiyo anashuka mbele ya alipotoka. Hilo ndilo tatizo lake, si mkono. Nimewatazama wengi, na wanaogusa wavu wakati wa kushuka karibu wote walikosea wakiwa bado chini.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, alivuta kamba ya kuanikia nguo ya bibi yake, akaipandisha mpaka alama ya ufito wangu, mita 2.24, akatundika khanga mbili kuukuu. Akanisimamisha kwenye mti wa mwembe kama nguzo. Mpira haukuwepo. Alitaka nitazame khanga tu, na kila ikiguswa niseme. Aliruka mara thelathini hivi. Nilisema "neti" mara kumi na moja, na shangazi, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, alinibishia moja.