Kabla Hujalipa Kukaza Ngozi ya Tumbo

Mombasa

Mwanangu Rehema,

Nimesoma ujumbe wako kuhusu kliniki inayotaka kukukaza ngozi ya tumbo kwa mawimbi ya redio, nami nakujibu kama mama yako mdogo na kama muuguzi.

Mashine hupitisha umeme ndani ya ngozi; ngozi inaupinga, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Juu ngozi inapoozwa, chini kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, inapata moto. Ikifikia nyuzijoto 65 hivi hujikunja, kisha mwili huanza kujenga nyingine mpya, kazi ya miezi mitatu hadi sita. Anayekuahidi tumbo jipya ndani ya wiki moja anakudanganya.

Waliyokwambia, kwamba mashine inaifaa ngozi nyeusi, ni kweli. Leza nyingi hufuata weusi wa ngozi, ndiyo maana huwaunguza watu wa rangi yetu kwa urahisi. Joto hili halichagui rangi. Ila ukiungua, baka jeusi litakaa miezi na miezi. Tena wewe ulipotoboa masikio kovu lilivimba likazidi tundu lenyewe. Mwambie daktari hilo kabla hajakugusa. Kitanzi cha uzazi wa mpango nacho kitaje, na chuma chochote kilicho mwilini.

Sasa nisikilize vizuri: usikubali kuchomwa ganzi. Sababu ni hii. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya aina hii mwaka 2002, kwa mikunjo ya kando ya macho. Miaka ile ya mwanzo walipitisha moto mkali kwa mkupuo mmoja, na wako waliobaki na mabonde usoni kwa sababu mafuta ya chini ya ngozi yalikufa. Ndipo wakabadili: moto wa wastani, kichwa cha mashine kinapita mara nyingi, na kila kikipita unaulizwa, sifuri mpaka nne, joto limefika wapi? Ukisema ni kali, wanapunguza. Aliyekutia ganzi amekunyima sauti hiyo.

Uliza pia kama mashine yao ina sindano. Hizo huingiza joto ndani zaidi, na Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu yake baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu na kuharibika kwa neva.

Na tumbo lenyewe, mwanangu, bado halijamaliza kurudi. Umejifungua juzi tu. Kama misuli ya katikati imeachana, joto la ngozi haliiunganishi. Muone kwanza mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Ngozi ikiwa imelegea kidogo tu baada ya hapo, mashine inaweza kusaidia. Ikiwa inaning'inia, hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Usilipe chochote kwanza. Nitumie picha ya mashine, jina lake lisomeke, pamoja na jina la atakayeishika, nimuulizie.

Mama yako mdogo,
Saida