Nyota ya Moto Yenye Barafu

Huku Guangzhou tupo, mizigo inapakiwa, siku zinakwenda. Leo naomba tuache biashara kidogo tuzungumzie baridi.

Mtu wa nyumbani akisikia nyuzi 8 anadhani nadeka. Lakini nyumba nyingi za kusini mwa China hazina mitambo ya kupasha joto, na unyevu wa huku unaingia hadi kwenye shuka. Tarehe 24 Januari 2016 chenga za theluji zilianguka hapa mjini, watu wazima wakatoka nje kuzishangaa kama watoto.

Hiyo ni cha mtoto ukilinganisha na Mirihi. Wachina sayari hiyo wanaiita Huoxing, yaani nyota ya moto, kwa sababu ya wekundu wake. Moto wenyewe haupo! Wastani wa joto lake ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Mchana wa kiangazi, karibu na ikweta yake, udongo unaweza kufika nyuzi 20, kama asubuhi ya Arusha. Usiku huohuo unashuka hadi 70 na zaidi chini ya sifuri. Hewa yake ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya wa kwetu, kwa hiyo hakuna blanketi la kushika joto jua likizama.

Wachina walirusha chombo chao kutoka Wenchang, kisiwani Hainan, tarehe 23 Julai 2020. Kigari chake kilitua kwenye tambarare ya Utopia tarehe 15 Mei 2021, kikiwa kimepewa jina Zhurong, mungu wa moto wa hadithi zao. Kilitembea mita 1,921. Mei 2022 kililazwa kisubiri majira ya baridi yapite, kiamke Desemba. Hakikuamka. Kilitegemea umeme wa jua, na wakubwa wa mradi walisema huenda vumbi lililotanda juu ya paneli zake ndilo lililokimaliza.

Lakini udongo uleule unaoua mashine ndio unaotunza barafu. Nyumbani mmeona wauza samaki wanavyofunika mabonge ya barafu kwa maranda ya mbao na magunia. Mirihi ni hivyohivyo. Joto la mchana linapenya sentimita chache tu za udongo mkavu, halafu usiku unalifukuza. Ukichimba zaidi, unakuta baridi isiyobadilika. Mwaka 2008 chombo cha Marekani kiitwacho Phoenix kilikwangua udongo karibu na ncha ya kaskazini, kikakuta barafu sentimita chache tu chini. Vibonge vyeupe vilivyoachwa wazi vilitoweka ndani ya siku nne. Havikuyeyuka kuwa maji, vilipanda moja kwa moja kuwa mvuke.

Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba rada imeona barafu nyingi chini ya Utopia hiyohiyo, kaskazini zaidi ya pale Zhurong ilipotua baadaye. Maji yake yanakadiriwa kujaza Ziwa Superior la Amerika, ambalo ni zaidi ya mara nne ya maji ya Ziwa Victoria. Yote yamefunikwa na udongo wa mita 1 hadi 10.

Sasa mimi ni mtu wa Moshi, na hapo ndipo moyo unaponiuma. Kule juu Kibo wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Ungedhani barafu iko salama. Kumbe jua kali na hewa kavu vinaila, sehemu ikiyeyuka na sehemu ikigeuka mvuke kama vile vibonge vya Mirihi. Kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilipotea. Yetu haina udongo wa kuifunika, imekaa wazi juani.

Kwa hiyo barafu ya nyota ya moto itakuwepo wajukuu zetu wakizeeka, na ya mlima wetu huenda wataisoma vitabuni. Wenye wazee uchagani, waulizeni mlima ulikuwaje walipokuwa watoto, mkaandike majibu yao.

Haya, tuonane tena. Salamu kwa wote.