Chama cha Miti

Muhula uliopita nilisimama mbele ya chama chetu kutetea vyama vya kijani. Nilieleza kwamba kule Ujerumani vyama hivi si mzaha: Wajani waliingia Bunge mwaka wa 1983 na serikalini 1998. Kisha nikamtaja marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka wa 2002 watu wa Tetu walimpeleka Bungeni kwa tiketi ya NARC. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha Mazingira, na 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani. Ajabu ni kwamba 2007, alipogombea kwa tiketi ya chama hicho chake, watu wale wale wakamnyima kura! "Wasio na shukrani!" nikamaliza. Makofi yakalia pwa pwa pwa!

Jioni nilimsimulia baba kwa mbwembwe. Akanichukua hadi nyuma ya zizi, penye visiki viwili vya mivule aliyoipanda babu.

"Karo yako ilitoka hapa," akasema. "Hao wa kijani wangenilipia?"

Nilikodoa macho tu. Nitapiga kura baada ya miaka miwili, na baba bado anangoja jibu.