Nilimuuzia Mbizi Moja Zaidi

Mimi ni mwalimu wa kupiga mbizi kwa mitungi, na nimewahi kumuumiza mtu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisema "mgeni wangu aliumia", kana kwamba siku ile nilikuwa nimekaa pembeni. Aliumia kwa sababu nilimshusha baharini asubuhi ya siku ambayo alasiri yake angepanda ndege. Saa ya ndege niliijua, kanuni niliijua, na pesa niliitaka.

Nianze na pesa, maana ndiyo iliyonisukuma, ingawa hainiondolei lawama. Kwetu ni Kaloleni, Arusha, jirani na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Huko kijana anayetaka kula kwa watalii hupanda mlima: huanza na upagazi, akijaliwa anakuwa mwongozaji. Mimi nikateremka pwani. Unguja nilianza kwa kuosha suti za mpira na kubeba mitungi, nikajifunza kuijaza hewa kwa kompresa, kisha kituo kikanifundisha kwa makubaliano kwamba nilipe kwa jasho. Katika mfumo wa PADI, shirika linalotoa vyeti vya kupiga mbizi, huwi daivu masta, yaani kiongozi wa wapiga mbizi, kabla kitabu chako hakijafikisha mbizi 60, na mtihani wa ualimu unataka 100. Mbizi niliweza kuzipata kwa kufanya kazi. Ada ya kozi ya ualimu na ya mtihani ilidaiwa taslimu, tena kwa dola, na ndugu zangu wakachangishana kunikopesha.

Ukifaulu hujamaliza. Ada ya uanachama inarudi kila mwaka, bima nayo vilevile. Mshahara ni mdogo. Kinachokulisha ni kamisheni ya kila mwanafunzi na kila mbizi, pamoja na bakshishi. Masika ikiingia, wageni wanapungua, boti zinapandishwa ufukweni, na mwalimu anaishi kwa alichoweka. Ndiyo maana kila mbizi inayofutwa huiona kama mkono umeingia mfukoni mwake.

Kanuni niliyoivunja haina ugumu. Ukivuta hewa ya mtungi kwenye kina, nitrojeni inaingia kwa wingi katika damu na misuli, kwa kuwa kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Ukipanda taratibu, inatoka kwa pumzi, na hata ukishavua suti inaendelea kutoka kwa saa nyingi. Ukiiwahi kwa kwenda mahali penye hewa nyepesi, inageuka viputo ndani ya viungo, na wakati mwingine ndani ya mishipa ya fahamu. Mwanasayansi J. S. Haldane alichapisha majedwali ya kuzuia balaa hilo mwaka 1908, baada ya kuwajaribu mbuzi. Leo DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, linashauri mtu asipande ndege kabla hazijapita angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kama amezamia mara kadhaa au kwa siku mfululizo. Nilikuwa nikiyafundisha haya darasani kwa sauti ya kujiamini.

Ila moyoni sikuyaamini, na nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kila nilipokwenda nyumbani nilizamia asubuhi na wageni, nikapanda boti ya mchana kwenda Dar es Salaam, nikalala huko, kesho yake nikakamata basi la Arusha. Nafika kwetu, mita 1,400 hivi juu ya bahari, sisikii hata kiungo kimoja. Nikajiambia kuwa mtoto wa milimani ana mwili wake. Sikupiga hesabu kwamba kati ya boti, usiku wa Dar na basi lililopita Korogwe, Same na Moshi, zaidi ya siku nzima ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeokolewa na muda, nami nikausifu mwili.

Mgeni mwenyewe alikuwa kijana wa Nairobi. Alikuwa amezamia nasi kwa siku kadhaa, na wenzake walikuwa wanamsubiri Arusha waupande Mlima Meru. Asubuhi ya mwisho alisita akiwa kwenye boti.

"Mwalimu, na ile ndege yangu ya saa kumi?"

"Ni ndege ndogo hiyo, kaka. Haipandi juu."

Nilikuwa nimepindua ukweli. Ndege kubwa inaruka juu zaidi, lakini ndani yake hewa hugandamizwa. Ile ndogo ya injini moja haina mtambo huo: ikifika mita 2,500, abiria naye yuko mita 2,500. Tena anayeruka kwenda Mombasa hushuka akaikuta hewa ya pwani. Anayeruka kwenda Arusha hutua mahali ambapo mgandamizo ni kama asilimia 85 tu ya ule wa baharini, akabaki huko huko. Na huyu alikuwa aanze kupanda kesho yake kutoka lango la Momella hadi Miriakamba, kibanda kilicho mita 2,500 na ushei. Tulipiga mbizi mbili. Ya pili tulitoka saa sita mchana.

Usiku alinipigia simu. Bega na kiwiko vinamuuma, vidole vina ganzi. Wakati ule nilijua. Nilipaswa kumwambia aende hospitali, aombe oksijeni, ataje neno "mbizi" kabla ya lingine lolote. Nikamwambia: "Ni ile mizigo uliyobeba. Meza panadol, ulale." Ile mbizi ningeweza kuiita tamaa, jibu lile sina jina lake.

Wenzake hawakumsikiliza mwalimu, wakampeleka hospitali usiku ule. Aliwekewa oksijeni, na baadaye akasafirishwa hadi kwenye chemba ya mgandamizo. Alipona, ingawa ganzi ilikaa vidoleni kwa wiki kadhaa, na Meru hakuipanda. Mkuu wa kituo aliponiuliza, nilisema mgeni alinificha safari yake. Akafungua faili, akanisogezea fomu ya usajili. Tarehe na saa ya ndege vilikuwa pale kwa mwandiko wa mgeni, na chini yake saini yangu.

Nilisimamishwa kazi, na nilistahili. Kilichonitesa zaidi ni kumpigia yule kijana na kumwambia kwamba nilijua. Alinyamaza kidogo, akaniuliza ilikuwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akakata simu.

Nimerudi kazini, kituo kingine. Siku ya kuamkia safari nawapa wageni barakoa na mrija wakaelee juu juu, kazi yenye kamisheni kiduchu, na wanaokasirika nawaacha wakasirike. Kampuni za Arusha zinazotuletea wageni nazisihi ziweke mlima mbele na bahari mwisho. Vijana wa Kaloleni hunipigia kuuliza kama kazi hii inalipa. Nawaambia inalipa, nawatajia ada zote kwa dola, kisha nawasimulia habari ya kijana wa Nairobi pamoja na bei niliyomuuzia, ili wajue kwamba kuna mbizi watakazolazimika kuzikataa huku wakiwa na njaa.