Choa kwa Mama Mwenye Mimba



Nataka kuwaambieni habari ya choa, ugonjwa ambao wengi wetu twauonea haya. Huku kwetu Shinyanga na Geita sababu zake hazifichiki. Mwanamke hushinda katika maji ya jaruba akipalilia mpunga, au huko Nyarugusu hukaa penye mialo tangu asubuhi akiosha marudio ya dhahabu. Nguo haikauki mwilini. Tena ndama mwenye mabaka huwaambukiza watoto wanaomchunga, nao wakamwambukiza mama. Wakati wa mimba jasho huzidi, na ngozi husuguana chini ya matiti na mapajani. Hapo ndipo choa hukaa.

Usiogope, mama. Choa ni cha ngozi tu, hakiingii tumboni kumfuata mtoto. La kuogopa ni dawa tunazokimbilia.

Wengi hununua gulioni krimu ya kuchanganya, ile ya kung'arisha uso. Siku chache tu mwasho umekwisha, na mama anafurahi. Kumbe mara nyingi ndani mna steroidi kali: hunyamazisha mwasho, na choa huendelea kutambaa chini kwa chini. Ukijipaka nyingi kwa miezi, mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Nyingine zina zebaki, ile ile inayokamatia dhahabu machimboni. Zebaki hupenya ngozi ikaingia katika damu, ikamfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania imeuridhia, wakataza vipodozi hivyo. Lakini gulioni nani asomaye mkataba?

Vidonge navyo si vya kumeza ovyo. Griseofulvini haimfai mwenye mimba, na flukonazoli isimezwe ila kwa agizo la mganga ajuaye kwamba una mimba. Basi hata mimba ikiwa changa, mwambie mwuza dawa. Najua ni jambo gumu, maana tumelelewa kuficha mimba changa hata kwa jirani.

Omba krimu ya klotrimazoli. Oga, jifute pakauke kabisa, upake kidogo asubuhi na jioni, ukipita kidogo ukingo wa baka. Likitoweka, usiache mara moja. Endelea wiki 1 au 2, kwani mizizi ya ugonjwa hubaki ngozi ikiwa imekwisha kupendeza. Kanga na nguo za ndani zianikwe juani, si nyuma ya mlango kwa ajili ya haya.

Wiki 4 zikipita bila nafuu, au ukiligusa baka kwa pamba usisikie kitu, nenda hospitali upesi. Baka lisilo na hisia laweza kuwa ukoma, na dawa ya ukoma hutolewa bure.

Siku ya kliniki, usingoje kuulizwa. Mwonyeshe mkunga mahali penyewe, hata pakiwa mapajani. Yeye ameona mengi kuliko hayo.