Piano ilipasukia Tlawi, ugonjwa ilitoka nao Dar

Msomaji wangu, leo acha nijianike mwenyewe.

Mwaka juzi nilinunua piano kuukuu pale Upanga, Dar, nimpelekee baba mkwe kijijini Tlawi, kule Mbulu. Mzee kafundisha kwaya miaka chungu nzima kwa kinanda kibovu. Mahari nililipa kwa mafungu, nikasema angalau hapa nitembee kifua mbele.

Tukapakia kwenye Fuso, tukapita Babati, tukapanda mlima wa Dareda. Piano ikashuka nzima. Mzee akapiga, akatabasamu, nami nikajiona kidume. Dereva nikambakizia laki mbili.

Mwezi wa nane napigiwa simu: ubao wa nyuma umepasuka, sauti inakwaruza. Nikawaka! Nikasema dereva kaibamiza kwenye makorongo. Hela yake nikaikalia. Akipiga simu, sipokei.

Desemba tukamleta fundi kutoka Arusha. Akamulika tochi, akauliza, "Kabla ya hapa ilikaa wapi?"

"Dar, karibu na bahari, miaka mingi."

Akacheka. Kumbe ule ubao wa sauti ni mbao laini, unene wake haufiki sentimita 1. Ukinywa unyevu wa pwani unataka kutanuka kwa upana, lakini umegundishwa kwenye mbavu, hauna pa kwenda. Unajibana wenyewe mpaka nyuzinyuzi za mti zinapondeka, na zikishapondeka hazirudi. Siku ukikauka unasinyaa kuliko ulivyokuwa mwanzo, na mbavu zilezile zinaukatalia. Basi unachanika. Upepo mkavu wa kiangazi cha Tlawi ulifichua tu.

"Dereva wako hana kosa," akasema. Akaziba ufa kwa kipande chembamba cha mbao, akagundisha ubavu ulioachia, maana ndio uliokuwa ukikwaruza. Akaonya: isikae karibu na dirisha wala jiko.

Nikamtafuta dereva stendi ya Mbulu. Maneno yote niliyopanga njiani yakayeyuka. Nikampa laki mbili, nikamwambia, "Nisamehe kaka, nilikusingizia."

Akahesabu noti taratibu. "Hii ilikuwa ya tairi, bosi. Gari lililala miezi mitatu."

Hakusema zaidi. Bora angenitukana.

Piano inalia vizuri siku hizi, mzee anaisifia kwa kila mgeni. Anaposimulia mkwe wake alivyoisafirisha, mimi natazama chini.